Upindo wa Inchi Mbili

Cherehani yangu ina jina la Marekani,
lakini chini ya kitako, ukiifuta kutu,
pameandikwa kwamba ilisubiwa Uskoti.
Imeshona hapa Chavakali miaka thelathini na mmoja
na hakuna aliyewahi kuiambia ichague.

Muhonja amechaguliwa. Sasa naye anatakiwa achague.
Barua mbili zimelala juu ya meza ya kukatia,
kati ya mkasi na kola za sare za shule.

Ya kwanza ni ya Uingereza: miaka mitatu, kemia.
Kemia asubuhi, kemia jioni, kemia hadi siku ya joho.
Kule unakata kabla hujavua viatu.
Haya nayajua mimi: kitambaa kikishapita mkasini
hakirudi kuwa jora.

Ya pili ni ya Marekani, mji ambao hata mwalimu wake
aliutafuta kwa kidole, akaupita mara mbili.
Miaka minne, na mwanzoni
ni kupiga bandi tu:
kemia kidogo, historia, nyota, hata kuchonga vinyago,
na ukijaribu isikukae, unafumua.

Ya kwanza inalipa nusu. Nusu ya pili
ni ng'ombe wawili, kipande cha Mudete,
na saini yangu kwenye chama cha chai.
Ya pili inalipa karo, kitanda na chakula.
Nauli haikutaja. Nilimwomba aisome tena, polepole.
Haikutaja.
Yaani akienda, atarudi siku atakayomaliza.

Shemeji Kisia alikuja Jumapili na tai yake nyekundu:
"Uingereza! Jina hilo hata karani wa kaunti analielewa.
Miaka mitatu, mshahara. Ya nne ni ya nini?"
Akala kuku, akarudia swali.

Mama yangu, Kageha, alicheka kwa fizi.
Yeye alisomeshwa na Wamarekani wa Kaimosi,
Wafrendi, waliomzoesha kumngoja Mungu kimya.
Baba yangu Waingereza walimhesabia kodi ya kibanda.
"Wote walitupima," akasema,
"hakuna aliyetushonea."

Ana miaka themanini na minne.
Usiku ule nilihesabu kwa chaki, nyuma ya kitambaa:
themanini na minne, na mitatu.
Themanini na minne, na minne.
Chaki ikanivunjikia.
Nikasahau kufuta, asubuhi akapita na fimbo yake,
akasoma, akapiga meza mara moja:
"Usimshonee mtoto kwa vipimo vya mifupa yangu."

Saa tisa mvua ya mawe ilishuka juu ya mabati,
wateja wakajibana ukumbini, kisha wakaondoka.
Muhonja alikuwa anaokota nyuzi sakafuni,
kazi aliyojipa tangu akiwa na miaka minne.
"Baba, ulijuaje kwamba wewe ni fundi?"

Swali hilo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.
Nikazungusha gurudumu bila uzi.
"Sikujua," nikasema. "Mjomba alikufa,
cherehani ikabaki. Mtu alihitajika kuikalia."

Akanyamaza kwa muda mrefu, kimya kile cha kanisani,
nyuzi zimemjaa kiganjani, za rangi zote.
"Mimi," akasema, "ningependa kujua kwanza."

Hakutaja nchi. Sikuuliza.
Nilipochungulia, ng'ombe walikuwa wanakula tu,
hawana habari.

Tangu Jumanne nashona koti.
Baridi ni baridi, huku na kule,
kwa hiyo kazi haikungoja barua ya majibu.
Sufu ni ya mtumba, koti la mwanamume fulani mnene
nililolifumua lote, nikaligeuza ndani nje.
Mabega nimeyapatia.
Mikononi nimekunjia ndani upindo wa inchi mbili,
kwa kuwa mtoto huendelea kurefuka
mahali ambapo hatuoni,
na safari hii nimemhesabia
mwaka mmoja zaidi.